Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Mume wangu ni dereva wa ofisi ya serikali, na gari alilokuwa akiliendesha hakulitaja kama watu wanavyotaja gari. Sisi wengine tunasema gari limeharibika, gari limeisha mafuta. Yeye alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu mlangoni, anasema, "Leo kachoka, tangu asubuhi hajanywa kitu." Mwanzoni mwa ndoa yetu nilidhani anamsema mtu. Nilipokuja kujua ni gari, badala ya kupoa nikazidi kuchemka, maana mtu ningemfuata tukamalizana. Gari ningeliambia nini?

Yeye alimwita Bibie. Mimi nilimwita mke mwenzangu. Bibie aliogeshwa kila asubuhi kwa kitambaa laini, akakaushwa mpaka kwenye vitasa. Mimi nikiuliza maji ya kuoga naambiwa ndoo ile pale. Kazi yangu ni ushonaji, nashonea hapa hapa sebuleni, cherehani ikiwa karibu na dirisha, na siku moja aliniletea kitambaa cha buluu kizuri ajabu. Nikajua leo nimekumbukwa. "Mama Pacha," akasema, "nishonee vifuniko vya viti." Nikavishona. Nilimshonea mke mwenzangu nguo kwa mikono yangu mwenyewe, na mishono nikaipiga mara mbili, kwa sababu sitaki kusemwa kwa kazi mbovu hata na gari.

Basi ofisi ikapata magari mapya, na Bibie akaingizwa kwenye mali chakavu za kuuzwa, pamoja na meza, majokofu na kompyuta zilizokufa. Siku hizi hakuna tena dalali na kengele yake. Vitu vinapigwa picha, vinawekwa mtandaoni, watu wanapandisha dau kwenye simu zao, na muda ukiisha, aliye juu ndiye mwenye mali. Wafanyakazi hawaruhusiwi kushiriki, wala waume na wake zao. Mimi nilifurahi, sitaficha. Mume wangu akawa hana raha, chakula anakichezea tu.

"Kuna mtu atakaa pale," aliniambia. "Atamshika usukani. Mtu asiyemjua kabisa."

Karani wa mnada, dada mmoja mpole, alimwomba amweleze hali ya gari ili aiandike chini ya picha. Jioni nikafungua ukurasa kwenye simu yangu, nikasoma: "Haliwaki. Linagonga. Linavuja oili. Gia zinaruka."

"Baba Pacha, si juzi tu umesafiri nalo ukarudi salama?"

"Sasa nani atamtaka akiwa hivyo?" akasema, na hakuniangalia.

Nilimwelewa. Wivu naujua, tumelala nao nyumba moja miaka yote. Kilichonishangaza ni kwamba kwa mara ya kwanza kinywani mwake Bibie alikuwa gari kama magari mengine. Mume wangu akisema uongo, hata lugha yake inabadilika.

Lakini dau likawekwa, moja tu, na aliyeliweka ni mwenye yadi ya vyuma chakavu. Siku ya kukagua mali alikuja na chaki, akamchora Bibie mistari ubavuni, hapa tukate, na hapa. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale. Alirudi nyumbani mchana, na hakuvua viatu.

"Wanamkata," akasema.

Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikaikanyaga cherehani kwa nguvu asije akaniona ninavyozuia kicheko. Kisha nikaiona midomo yake inavyotetemeka, nikauondoa mguu kwenye cherehani.

"Si ulitaka asichukuliwe na mtu?"

"Nilitaka abaki."

"Basi nenda kaseme ukweli kabla muda haujaisha."

"Nikisema ukweli watamtaka wote."

"Ndiyo hivyo. Chagua."

Akaenda. Karani alimshushua mbele ya watu, upole wote ukaisha siku hiyo, na mkuu wake akampa onyo. Lakini maelezo yalibadilishwa na muda ukaongezwa. Nikasoma tena: "Anawaka mara moja, hata asubuhi ya baridi. Mlimani hababaiki. Mlango wa nyuma usiupige, usukume taratibu, utafunga wenyewe. Viti vina vifuniko vilivyoshonwa na fundi hodari." Karani, sijui kwa hasira au kwa huruma, hakusahihisha hata neno moja. Mimi niliona lile "anawaka" nikatamani kuitupa simu dirishani. Mimi hajawahi kuniandikia hata mstari. Na huyo fundi hodari ni nani? Angeandika "mke wangu" angepungukiwa na nini?

Madau yakapanda kweli. Aliyeshinda tunamwita Miwani, dereva mwenzake wa zamani aliyeacha kazi akaanza biashara yake ya kusafirisha mizigo. Wawili hao hawapikiki chungu kimoja tangu siku Miwani alipopewa Bibie kwa safari moja, akamrudisha na kiti kimesogezwa mbele. Kati ya watu wote wenye simu, akapata yeye.

Sasa Miwani anapita mtaani kwetu kila asubuhi, na akifika usawa wa dirisha letu lazima apige honi. Mume wangu anaacha kila alichoshika, anakuja kuinama juu ya cherehani yangu ili achungulie, shati lake likinifunika kitambaa ninachoshona.

"Kiti kakisogeza mbele tena," anasema. "Mwone alivyojikunja. Huyo hamjui."

Asubuhi moja uzalendo ukanishinda.

"Na mimi je?" nikamwuliza. "Ningekuwa mimi ndiye naingizwa kwenye huo mnada, ungeniandikaje?"

Akafikiri. Honi ilikuwa imeshapotelea kwenye kona na bado anafikiri, na mimi nimeshika mkasi, nangoja nione atasema upuuzi gani.

"Haliwaki," akasema. "Linagonga. Linavuja oili. Gia zinaruka."

Nikauweka mkasi chini, nikainama chini ya cherehani kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.