Choo cha Mokami na Jina la Bhoke

Mokami alimzika mtoto wake wa mwisho, Ryoba, katika mvua za kwanza baada ya watu kuhamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Nyamwaga. Mtoto aliharisha siku tatu, na siku ya nne alilia bila machozi. Mwezi ule walizikwa watoto watano.

Haukupita muda, mchawi akapatikana: Bhoke, mama mzee asiyezaa, jirani yake Mokami. Mokami hakulianzisha neno lile, ila lilipomfikia alilishika. Siku Bhoke alipofukuzwa, Mokami alisimama mlangoni akamwona akipita na ngozi yake ya kulalia kichwani. Bhoke akaenda kwa kaka yake, katika kijiji cha Nyambureti, ng'ambo ya mto Mara.

Mwaka uliofuata Mokami alijiunga na darasa la watu wazima. Walisomea nje ya ghala la kijiji, jioni wakitoka shamba, na mlango wa ghala uliopakwa masizi ndio uliokuwa ubao. Mwalimu wao, Benedicto, alikuwa kijana aliyeishia darasa la saba. Alipoona wameshajua kuandika, akawafundisha kuchora mawazo. Waliandika neno, wakalizungushia duara, kisha wakalivutia mstari hadi neno jingine.

"Na kila mstari uwe na neno lake," alisema. "Litwambie hiki kinafanya nini kwa kile."

Jioni moja aliandika katikati KUHARA.

"Andika Bhoke," alisema mzee Magige.

Benedicto akaandika, akavuta mstari. "Mzee, juu ya mstari niweke neno gani? Bhoke aliwafanya nini watoto?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui, mzee. Aliwapa chakula?"

"Hapana."

"Aliwapa maji?"

"Maji watu walichota wenyewe kisimani."

Benedicto akaandika MAJI, na juu ya mstari wake: waliyanywa. Akaandika KISIMA, na juu ya mstari: yalitoka. Ule wa Bhoke ukabaki mtupu.

"Na kisimani huingia nini mvua ikinyesha?"

Mokami alikuwa ameshainuka. Hakukumbuka kuinuka. Alichukua chaki akaandika polepole, herufi kwa herufi, CHOO, akavuta mstari hadi kwenye kisima, na juu yake akaandika: hutiririka.

"Choo cha nani, mama?" Benedicto aliuliza kwa sauti ya chini.

"Changu. Ndicho pekee kilicho mteremkoni, juu ya kisima."

Kweli shimo lile alionyeshwa pa kulichimba na waliopima viwanja, nyumba zikae kwenye mstari ulionyooka. Hakulitaja hilo. Aliweka chaki chini akaenda nyumbani, na kesho yake akakifukia choo, akachimba kingine mbali, upande wa pili wa mteremko. Wanawake wakaanza kuchemsha maji, ingawa si wote. Mtoto wa Kezia, jirani mwingine, alikufa wiki ileile. Baada ya huyo, hakuzikwa mwingine kwa kuhara hadi mavuno.

Siku ya kumi na mbili tangu jioni ile ya darasa, Mokami alifunga safari ya Nyambureti. Alimkuta Bhoke akipepeta ulezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bhoke hakuacha kupepeta.

Mokami akapiga magoti, akamweleza yote: kisima, choo, mstari uliokosa neno.

"Mwaka mzima umekaa na hayo?"

"Siku kumi na mbili, mama. Kabla ya hapo nilikaa na jina lako."

Ungo ukasimama. "Ryoba nilikuwa nikimbeba mgongoni ukienda shamba la kijiji," Bhoke alisema. "Na wewe ulinitazama nikipita."

"Nilikutazama."

"Basi huko sirudi. Wewe ukitaka kuja, njoo."

Akampa uji. Wakanywa pamoja.

Aliporudi, Mokami alisimama kwenye mkutano wa kijiji, jambo ambalo wanawake wa rika lake hawakuwa wakilifanya, akasema Bhoke hakuua mtu. Mzee Magige aliinuka akaondoka, na mpaka anakufa hakubadili kauli yake. Mokami hakubishana naye. Kila baada ya mavuno alijitwika kikapu cha mahindi akavuka mto kwenda Nyambureti, miaka sita, hadi alipokwenda na kukuta Bhoke amezikwa juzi. Alibaki huko siku nne, akikaa matanga pamoja na ndugu wa marehemu.