Mkono wa Ubwa Ndani ya Kompyuta

Kaka yangu Ubwa alikuwa na kofi lililojulikana mtaa mzima wa Kiponda. Ukipigwa hilo huhitaji la pili. Mimi mwenyewe limenipata mara tatu: nilipokuwa na miaka tisa nikaikalia ngoma yake, nilipomjibu mama vibaya, na siku niliyosema nataka kuolewa na Munir. Hilo la tatu liliniziba sikio siku mbili. Nayasema mapema ili mtu asinisikie namlilia akadhani nalilia malaika.

Kazi yake ilikuwa kukanda unga kwenye tanuri la mikate ya boflo, na alasiri, palipo na harusi, kupiga kidumbak. Ni ngoma mbili ndogo za udongo zilizowambwa ngozi ya mbuzi, anazibana mapajani, mwenzake mmoja yuko kwenye sanduku la kamba, lenye sauti nzito, na mwingine kwenye fidla. Kabla ya kuanza huzipasha ngozi kwenye makaa mpaka zikaze. Wimbo huingia taratibu, kisha huja mchapuzo, ngoma inakwenda mbio, wanawake wakainuka na kanga zimefungwa viunoni. Hapo Ubwa haangalii ngoma hata kidogo, anaangalia viuno. Kiuno kikichelewa naye anachelewa, kikiharakisha naye yumo. Ndiyo maana walimwita kutoka Kidichi mpaka Paje, ingawa walijua ana mkono mwepesi. Mangapwani aliwahi kumvunja taya mpiga sanduku mbele ya bibi harusi kwa sababu sanduku lake lilikuwa likivuta mapigo nyuma. Wimbo ulimalizika bila ya sanduku, na mwezi uliofuata watu wa huko huko walimwita tena.

Mume wangu Munir hapigi hata nzi. Anatengeneza simu Darajani, na akirudi nyumbani anajifungia chumba cha nyuma, godoro limesimamishwa dirishani kuzuia kelele za vespa, anatengeneza muziki. Kwenye kompyuta yake alikuwa na programu ya madramu ya Kizungu, madramu ya kweli yaliyorekodiwa pigo moja moja: dogo, la wastani, kubwa. Unabonyeza kitufe cha kinanda kidogo, kisha ngoma inalia kama mpigaji kakaa nawe chumbani. Munir aliyachoka madramu hayo. Alitaka kutia vidumbak humo humo, na hakutaka vya mtu mwingine ila vya Ubwa. Alimbembeleza miezi miwili.

Ubwa alikuja Ijumaa baada ya sala, na makaa yake kwenye kigae.

"Piga moja tu, shemegi, kisha nyamaza," alisema Munir.

Ubwa alipiga kumi na mbili.

"Moja."

"Moja si ngoma, wee. Moja mtu anabisha hodi!"

Nilicheka jikoni mpaka nikashika ukuta. Ilichukua Ijumaa tatu. Kila pigo lilitakiwa kwa nguvu mbalimbali, na kila nguvu irudiwe mara nyingi, ili programu iwe na mengi ya kuchagua isilie kama mashine ya kukoboa. Mara mbili Ubwa aliinuka kutaka kupigana, nami mara mbili nikamkalisha kwa chai na kachori. Ijumaa ya tatu Munir aliweka vidole kwenye kinanda, vidumbak vikalia. Ubwa alizunguka nyuma ya kompyuta kutazama. Kisha akamkamata Munir ukosi wa shati, akamvuta mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Huu mkono wangu usitoke humu chumbani. Ukitoka nnakuua."

"Wallahi shemegi, hautoki."

Munir aliishika ahadi yake. Niliyeivunja ni mimi.

Bi Duni, jirani yetu, alikuwa anamuoza binti yake, Ilham. Alikuja kukaa na mimi barazani, akawa anataja harusi za watu, nani kaleta nini, nani kapiga nini. Mdomo ukaniwasha. Nikamwambia mume wangu ana kidumbak kizima ndani ya kompyuta. Hakuamini. Munir yuko kazini, nikaingia chumba cha nyuma nikamtilia kwenye flashi wimbo mmoja aliokuwa kashaumaliza. Nilitaka anisifu tu, basi. Wahenga wamesema mdomo uliponza kichwa, ila kichwa kilichoponzeka hakikuwa changu.

Asubuhi ya harusi nilikuwa uani kwa Bi Duni pamoja na wanawake wengine, spika ikipiga wimbo ule, na wimbo ulikuwa umefika kwenye mchapuzo. Ubwa akaingia na kapu la boflo begani. Hakuna aliyenambia kwamba mikate inatoka kwenye tanuri la kina Ubwa. Alisimama na kapu lake. Mmoja wa wale wanawake, Mardhiya, asiyejua kuuzuia ulimi wake, akampigia kelele:

"Ubwa! Kumbe siku hizi unatuma mkono, mwenyewe unabaki tanurini!"

Ua mzima ulicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo. Mwanamke mmoja mnene alikuwa akicheza katikati, akachelewa. Ngoma haikumngoja. Akaifukuzia mwenyewe, akaipata, akaendelea kucheza kwa furaha kama kawaida. Nilimwona Ubwa anamwangalia kiuno yule mwanamke, kisha anaiangalia spika. Akaliweka kapu chini polepole, akatoka.

Nilijua anakwenda wapi. Nilitoka mbio, kanga ikaniponyoka nikaiacha. Kwenye kona ya fundi wa milango nilimkuta fundi kasimama mikono mitupu, ananiuliza, "Bi Riyama, kaka yako nyundo yangu anaipeleka wapi?" Sikumjibu. Nilipokuwa kwenye ngazi za kwetu nilisikia pigo la kwanza juu, na vioo vinamwagika.

Munir alikuwa hakwenda kazini siku ile. Nilipofika mlangoni kompyuta ilikuwa tayari imepasuka vipande, na Ubwa alikuwa bado anaiponda chini, anaponda na kisanduku cha kuhifadhia nakala za muziki, anaponda kinanda, vitufe vinaruka mpaka dari. Munir akamshika kwa nyuma. Ubwa aligeuka akampiga ngumi ya mdomo. Damu iliruka ikalipata godoro.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Nilikwambia nini mimi?"

"Sijautoa, shemegi! Wallahi sijautoa!"

"Unaapa tena? Mwanaharamu wee!"

Akampiga ngumi ya pili, Munir akaanguka juu ya meza. Hapo ndipo ilipokuwa niseme. Maneno matatu yalitosha: ni mimi, kaka. Mdomo ule ule uliokuwa mkarimu kwa Bi Duni ulifungika kama umetiwa kufuli. Niliogopa kofi. Mume wangu anatema damu, na mimi naogopa kofi.

Ubwa alimkaba Munir koo kwa mkono wa kushoto, akamlaza juu ya meza, na wa kulia akauinua na nyundo. Nilimwona usoni. Hakuwa anatishia, alikuwa anaua. Kinu changu kilikuwa pale ukumbini, na mchi wake umeegemea mlango. Niliuchukua kwa mikono miwili nikaupiga ule mkono ulioinuliwa. Ulibanwa baina ya mchi na ukuta wa mawe, nikasikia mifupa inavunjika. Nyundo ilianguka sakafuni. Ilikuwa imekwisha, Munir alikuwa kaokoka, na mimi nikapiga tena. Lile la pili halikuwa la Munir. Lilikuwa la yale makofi matatu, na nilipolipiga niliona raha. Sijamwambia mtu jambo hili mpaka leo.

Ubwa hakulia. Alikaa chini juu ya vile vitufe, ameushika mkono wake, ananiangalia kama mtu asiyenijua.

Hospitali walifanya walivyoweza. Polisi walipouliza, alisema mlango umembana. Vidole vitatu havikufunguka tena, na kile cha shahada kilibaki kimepinda kwa ndani. Kukanda unga hawezi, sasa anasambaza mikate kwa baiskeli, anaendesha kwa mkono mmoja. Kwenye harusi anaitwa mtu mwingine. Munir alipoteza meno mawili. Kwamba flashi niliitoa mimi alishafahamu, kwa sababu hakuna mwingine anayeingia chumba kile, lakini hakuniuliza, na mimi sikusema.

Mwezi wa nne baada ya siku ile Ubwa alikuja, Ijumaa baada ya sala. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila ya kuniangalia. Akapita moja kwa moja chumba cha nyuma, Munir alikokaa na kompyuta kuukuu aliyoinunua. Alikaa kwenye kigoda kile kile alichokuwa akikalia wakati wa kurekodi.

"Niwekee ngoma zangu nizisikie."

Munir aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Hazipo, shemegi."

"Zitafute."

"Nshazitafuta. Zilikuwa kwenye ile uliyoivunja, na kwenye kile kisanduku. Nacho ulikiponda."

Ubwa aliangalia kioo cha kompyuta muda mrefu. Ule mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, pahala pa ngoma.

"Na ile iliyokuwa kwa Bi Duni?"

"Kaitia motoni siku ile ile, kwa hofu," nilijibu mimi mlangoni.

"We unajuaje?"

Munir alinikazia macho, anatikisa kichwa nisiseme. Nilishachoka kuogopa, nikasema.

"Ni mimi niliyempa, kaka. Munir hajui kitu. Nilimpa mimi ili anisifu."

Aliinuka. Munir naye akainuka, lakini nilimwashiria akae, akakaa. Ubwa alinijia mpaka mbele yangu. Bega la kulia lilitangulia kunyanyuka, kwa mazoea, kisha likashuka lenyewe. Akainua mkono wa kushoto, akanipiga kofi.

Halikuuma. Lilikuwa kofi la mtu anayefukuza nzi, limeniteleza shavuni likaishia kwenye kanga. Tukabaki tumesimama tunaangaliana, yeye na mimi, sote tumelisikia lilivyo. Ndipo nikalia kwa sauti, mpaka majirani wakafungua madirisha.