Kapu la Masi

"Shangazi, mle kapuni uliona nini?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza Shangazi Ondina, naye alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Akameza mate kama mtu anayerudisha nyongo, kisha akanituma chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Habari za lile kapu kila mtu bondeni kwetu alizijua. Ondina Zadra ndiye aliyekuwa akiendesha lori la matufaha la ushirika, kutoka huku milimani kaskazini mwa Italia hadi Palermo, kisiwani Sicilia, siku mbili nzima. Dereva mwingine angeitamani safari ile kwa ajili ya chakula. Yeye kila kituo kilimchefua. Firenze walimpa mkate uliojazwa tumbo la ng'ombe, linateleza ulimini kama kamasi. Roma, utumbo wa ndama ambao maziwa aliyonyonya bado yamo ndani, yameganda. Kabla ya kivuko cha kwenda Sicilia alilamba bakuli zima la chokoleti nzito, akasifu, hadi mama mwenye hoteli alipomwambia imekorogwa kwa damu ya nguruwe. Alitapikia gurudumu la lori lake.

Mwaka wa lile kapu, mvua ya mawe ilipiga bonde lote. Hapakubaki tufaha lisilo na kovu, na wanunuzi wa Verona na Bologna walikwisha kuyakataa. Alibaki Mzee Gaspare, muuzaji wa jumla katika soko la Ballarò, huko Palermo. Naye akikataa, mavuno ya kaya arobaini yangeliwa na nguruwe.

Ondina alipofika, Gaspare hakutaka hata turubai la lori lifunguliwe. "Kwanza tule," alisema. "Mwenye njaa hafanyi biashara, hugombana tu."

Akampeleka kwa Masi, muuza frittola, mzee aliyesimama pembeni mwa soko na kapu lililofunikwa kitambaa. Frittola ni vile vinavyobaki bucha ikishamaliza kuuza nyama: gegedu, mishipa, mafuta yaliyokwanguliwa kwenye mifupa ya ndama, vyote vimechemshwa na kukaangwa upya. Masi huingiza mkono chini ya kitambaa bila kutazama, akachota kinachokutana na vidole. Hatazami yeye, hutazami wewe.

Mkono ulitoka unang'aa mafuta hadi kwenye kiwiko. Akajikuna shingo kwa mkono uleule, akaurudisha kapuni.

"Leo umeniletea mgeni, Gaspare?"

"Wa milimani. Kwao wanakula theluji."

"Ndiyo maana amekonda. Kinga karatasi, mwanangu, nikutoe baridi."

Karatasi ikalowa papo hapo. Kipande cha juu kilikuwa cha manjano, kimejikunja kama sikio, na kilikuwa na nywele mbili.

"Hii ni nini?" Ondina aliuliza.

"Frittola."

"Najua. Ni sehemu gani ya ndama?"

"Sehemu iliyotoka," Masi akajibu, na wanaume waliokuwa wakila wakacheka midomo ikiwa imejaa.

Sasa kwetu sisi, tufaha hupangwa uso juu, na mteja ana haki ya kuligeuza apendavyo. Ondina akaona haki ni haki popote. Akashika upindo wa kitambaa, akakiinua.

Vicheko vikakatika. Masi akauchukua ule upindo vidoleni mwake, polepole, akafunika, akalipachika kapu mkononi na kuondoka.

"Afadhali ungemvua suruali," Gaspare alisema.

"Nilitaka kujua ninachokula."

"Mimi nimekula kwenye mkono ule miaka thelathini sijajua. Geuza lori lako, binti."

Ondina akasimama na karatasi yake inayovuja. Kaya arobaini. Akamfuata Masi kichochoro kwa kichochoro, akamkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba ya watu.

"Umeshachungulia. Unafuata nini tena?"

"Nimekuja kula, mzee. Na kuomba radhi."

"Utatapika wewe."

"Nitatapika nikishakushukuru."

Masi akamtazama, kisha akanyanyuka. Radhi ya kichochoroni hakuitaka. Alimrudisha palepale sokoni, mbele ya walewale. Ondina akafumba macho, akakinga kiganja kitupu. Kitu cha uvuguvugu kikaanguka, mafuta yakachuruzika katikati ya vidole. Akatia kinywani. Kilikatika kama kucha, kikavutika kama mpira, kisha kitu kikapasuka na kumwaga mafuta shavuni. Nyongo ikapanda hadi kooni. Akaimeza pamoja nacho.

"Asante, mzee."

"Nikuongeze?"

"Ongeza."

Kipande cha pili kilikuwa na nywele nyingi zaidi. Alikimeza pia, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyecheka.

Gaspare akaenda kwenye lori. Akapenyeza mkono chini ya turubai, uso ameugeuzia mbinguni, akapapasa, akatoa tufaha moja lenye kovu kama la ndui. Akaling'ata palepale kwenye kovu.

"Shusha yote," alisema.

Miaka saba ilipita baada ya swali langu. Juzi tulikuwa ghalani tunapanga matufaha, mimi na yeye, ndipo akanijibu bila kuulizwa tena.

"Uliniuliza niliona nini kapuni. Sikuona kitu. Nilipoinua kitambaa, ule mvuke ulinipiga puani, nikafumba macho."