Sauti ya Kumwitia Bosko

Siku inayonijia mara kwa mara nikikaa peke yangu hapa Ujiji, mwanangu, ni ile niliyokemewa ufukweni Kigoma na mama mmoja, mkimbizi kama mimi. Jana ulinilalamikia kwamba wenzako wa bendi wamekuacha na hutaki tena kuimba. Basi kaa nikwambie.

Kule Bujumbura nilikuwa mwimbaji wa roki. Usicheke, hata sisi tulikuwa na nywele. Watu walitaka rumba, sisi tukawapa magitaa ya kupasua masikio, na mimi mbele nanguruma kwenye maiki mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nyuma yangu alikuwa Bosko, mpiga dramu, rafiki yangu wa utotoni. Vita vilipokuja tukakimbilia ziwani, tukapotezana kwenye purukushani za kupanda boti. Mimi nikafika Kigoma, yeye sikumwona.

Nikaapa sitafungua kinywa kuimba mpaka Bosko afike. Nilikuwa mpweke, mwanangu. Watu walijaa kila mahali, na sikuwa na hata mmoja wa kuniuliza nimeamkaje.

Siku hizo, boti za wakimbizi zilipokaribia, sisi tuliotangulia, tuliobaki mjini, tulisimama ufukweni tukiita majina ya watu wetu. Wakishashuka walipakiwa kwenye malori kupelekwa kambini, na mtu wako asipokusikia pale, basi tena. Mama Godeliva, mjane aliyepotezana na mwanawe Ferdinandi, alikuwa na sauti ya kukwaruza isiyofika popote. Aliposikia mimi ni mwimbaji, akaniomba nimwitie. Nikamjibu kwamba sauti yangu nimemwekea rafiki yangu.

Akanitazama, akasema, "Akifika atakuta nini? Koo bovu na moyo wa choyo?"

Aibu ilinishika. Nikaingia majini hadi magotini, nikamwita Ferdinandi kwa sauti ile ile ya jukwaani. Watoto wakalia, wavuvi wakageuka kutazama. Kina mama wengine nao wakaniletea majina yao, nikayaita yote, na la Bosko mwisho. Ikawa ndiyo kazi yangu kila boti ilipokuja.

Siku moja Ferdinandi akaitika, akaruka majini boti haijagusa mchanga. Nilifurahi, wallahi. Kisha nikaketi kivyangu, nikijua mama yule hatakuwa na shughuli tena pale.

Kesho yake akaja. Akasimama kando yangu, na kwa sauti yake ile ya kukwaruza akaanza, "Bosko! Bosko!"

Bosko hajaja mpaka leo. Mimi nilirudi kuimba, kwa gitaa la kuazima, kwenye baa za Kigoma, wakinizomea niwapigie rumba. Jioni zangu bado ni ndefu, sikufichi.

Lakini usiifungie sauti yako, mwanangu, ati unawangoja waliokuacha. Waimbie waliopo. Na ukiwa na mtu wako wa kuita, anza na wa mwenzako. Mungu akupe koo lisilochoka, na siku utakayoita usiitikiwe, asikose mtu wa kusimama kando yako.