Mpeleka barua aliyekataa kiti cha tatu

Saa tatu asubuhi, manyunyu yanaanguka kijijini Bergelen, kusini mwa mkoa wa Limburg. Gonnie Hoenjet anaegesha baiskeli ya posta chini ya upenu, anashika karatasi ya matangazo mbele ya ukuta, anaipuliza na kuiachia. Karatasi inang'ang'ania ukutani kwa nguvu ya pumzi tu, huku ulimi wa Gonnie ukienda mbio: "Tu-tu-ku, tu-tu-ku!"

Sekunde tano. Karatasi inadondoka.

"We mama, umekuja kuleta barua au kuutemea mate ukuta wangu?" anafoka Mzee Crutzen dirishani.

"Barua zako zimo sandukuni, babu. Ukuta utakauka!"

Gonnie ana miaka 59. Kwa miaka 31 amepeleka barua hapa, kilomita 26 kwa siku, na goti la kushoto limeshaanza kumgomea. Lakini ukimuuliza kinachomkera, hataji goti. Atataja tarumbeta.

Januari, kwenye mkutano wa mwaka, bendi ya kijiji ilimvika nishani ya miaka arobaini ya kuipigia tarumbeta. Makofi hayajaisha, kiongozi wa bendi, Lambert Peusens, akatangaza kwamba kwa mashindano ya Mei, Gonnie aliyeshika kiti cha kwanza, cha mpiga tarumbeta mkuu, miaka 22 atahamia cha tatu. Ulimi wake umekuwa mzito, alisema, na wimbo mpya una noti za kasi.

"Akaniambia, 'Pumzika, bibi, umetupigia vya kutosha,'" anasimulia Gonnie, na sauti inapanda. "Bibi! Nilimbadilisha nepi huyo!"

Aliivua nishani, akaiweka mezani kando ya bia ya Lambert. Akadai jaribio nyuma ya pazia, waamuzi wasione nani anapiga, yeye au kijana aliyeandaliwa kumrithi.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Lambert hakusema uongo. Gonnie alijirekodi nyumbani, akasikia noti zikikatika kama mtu mwenye kwikwi. Tangu ujanani, kwenye maandamano ya kanisa, aliambiwa aipigilie kila noti kama msumari ili isikike barabarani. Kumbe kila alipopigilia, aliziba pumzi.

Sasa anajifunza upya. Pumzi iende mfululizo, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno kwa "tu", shina la ulimi lijibu kwa "ku". Pumzi ikikatika, karatasi inaanguka. Februari alianza na mapigo 80 kwa dakika. Leo yuko 126. Wimbo unataka 132.

"Hata akimenya viazi, tu-tu-ku," analalamika mumewe, Sjef. "Nikamwambia, mke wangu, waachie kiti chao. Weee! Siku hiyo nilijipikia mwenyewe."

Jaribio ni Jumamosi. Waamuzi watatoka kijiji cha jirani, na wapigaji wote wawili watavua viatu ili hatua zao zisiwasaliti. Gonnie anataka kiti chake hadi atimize miaka sabini, kisha atakigombea tena.

Na akishindwa?

Anapanda baiskeli, anaweka mfuko wa barua sawa begani.

"Nitakaa cha tatu, na nitapiga vizuri. Lakini atakuwa ameniondoa mtu aliyenishinda kupiga. Haitakuwa imeniondoa tarehe yangu ya kuzaliwa."