Tela ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika stesheni ya Kibera mapema, nikasimama kando ya ukuta kwa sababu sikujua nimsalimie nani. Mzee Wafula, nyapara wa gengi letu la kutengeneza reli, ndiye aliyeniona.

"Wewe umekuja kazi ama umekuja kushikilia ukuta?"

Wengine wakacheka. Mimi nilinyamaza. Ndiyo tabia yangu tangu shule ya msingi, nami niliishia darasa la nane.

Sijazeeka, lakini kazi hiyo imekwisha kwangu, na wanaoingia sasa huniuliza ilivyokuwa. Basi naandika, polepole.

Chombo chetu kilikuwa kiberenge, gari dogo la kutembea juu ya reli. Kilitubeba sisi na vifaa, na nyuma kilivuta tela ya mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi kumi na wanane. Tukipanda kuelekea Dagoretti, ilikohoa njia nzima. Pale Kambi Muru reli huteleza kwa maji ya sabuni ya waliofua, kwa hiyo magurudumu yalizunguka bure mpaka tushuke tumwage mchanga. Mama Akinyi, aliyeuza dagaa wa omena katikati ya njia, alisogeza beseni lake bila haraka.

"Wafula, hicho kitu chako kinakohoa kuliko babu yangu."

"Babu yako avute tani nne tuone."

Mzee Wafula alinifundisha kukiendesha. Kila mara kabla ya kuteremka alikisimamisha, akapapasa breki kwa mkono, akasema yale yale: injini ni ya kuvuta tu. Kuteremka ni kazi ya breki, na breki zetu ni za tela moja. Chuma juu ya chuma hakishiki kama tairi juu ya lami. Mzigo ukianza kukusukuma, umechelewa.

Kisha injini ile ikafa, tukafungiwa nyingine ya farasi arobaini. Breki zilibaki zile zile.

Inspekta wa njia, mkubwa wa magengi yote, alitukuta Dagoretti tukipakia reli kuukuu za kupeleka chini. Mzee Wafula alikuwa ametangulia kwa miguu na bendera nyekundu, kuwaondoa wachuuzi.

"Fungeni tela ya pili," inspekta alisema. "Hii injini itazivuta bila kutoa jasho. Ama dereva unasemaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Breki ni za tela moja. Maneno matano tu. Lakini wote walikuwa wananiangalia.

"Sawa, mkubwa."

Tulikwenda vizuri hadi karibu na Kambi Muru. Hapo nikakanyaga breki, magurudumu yakaacha kuzunguka, na bado tukateleza. Nilishika honi bila kuiachilia. Watu wakanyakua mabeseni na watoto. Mzee Wafula angeweza kuruka kando. Badala yake aliliburuta taruma lililokuwa kando ya njia, akalilaza juu ya reli mbele yetu. Kiberenge kililigonga, kikainuka, kikasimama. Taruma liligeuka likamponda mguu.

Hakuna mchuuzi aliyeumia. Mguu wa mzee ulikatwa. Tulipohojiwa, inspekta alisema ni utelezi wa sabuni, nami nikanyamaza tena. Mwezi uliofuata niliacha kazi.

Nyinyi mnaoanza, mtaonyeshwa injini kwanza, na mtaambiwa inavuta tani ngapi. Ulizeni inaweza kusimamisha ngapi. Ulizeni kwa sauti, hata kama wanawaangalia.

Mzee anaishi Kawangware kwa binti yake. Jumapili moja nilimpelekea mkate. Akauweka kando, akasema, "Siku ile, walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sawa."

Alivuta blanketi juu ya paja lake. "Mimi nimekuwa nikiwaambia watu hapa kwamba hukuulizwa."

Binti alileta chai, vikombe viwili. Mzee alikunywa chake akiangalia mlango.

Bado naenda kila Jumapili. Tunaongea habari za mvua na za wajukuu wake. Kuhusu reli hajaniuliza tena.