Mchanga wa Korongo Letu

Mtu akija kwangu siku hizi akaniambia Dodoma imependeza, namwuliza amepita njia ipi. Kama amepita kwenye lami, kutoka Ihumwa kwenda Mtumba, basi ameona maghorofa ya wizara, na taa, na nyumba za mabati ya rangi zilizopangwa kama kreti za soda dukani. Zinang'aa, sikatai. Mimi nakaa nyuma ya huko, mahali gari ndogo haifiki, na ninachokiona mimi ni shimo.

Korongo letu halina maji ya kuonekana. Mgeni akiliona wakati wa kiangazi atadhani ni barabara ya mchanga mweupe. Maji yamo chini. Mvua zikiisha, kila mwanamke anachimba kisima chake humo mchangani, mpaka maji yanachuruzika polepole, safi, ya baridi. Kisima ni cha aliyekichimba. Huwezi kuchota changu bila kuniomba, na ukiniomba siwezi kukunyima. Masika korongo linafurika, linafukia visima vyote, na kiangazi tunachimba tena. Nilipoolewa, mama mkwe alinipeleka kwenye kona ya korongo akanionyesha sehemu yangu. Watoto wangu wote wameoga maji ya pale.

Sasa unielewe vizuri. Kisima kina mwenyewe, mchanga hauna. Ndivyo tulivyokuta. Ukitaka kukandika nyumba, unazoa ndoo zako unaondoka, korongo litaleta mwingine. Hakuna aliyewahi kuuza mchanga wala kuukataza. Kwa hiyo tipa la kwanza lilipokuja, dereva akashuka, akatuamkia vizuri, "Shikamooni mama zangu, naomba mchanga," tukaitikia marahaba, tukamwambia achukue. Tukampa na maji akanywa.

Baada ya hilo yakaja mengine, na mengine. Vijana wetu wakapata kibarua cha kupakia kwa beleshi, wakafurahi. Halafu likaletwa lile dude la njano linalochota lenyewe, vijana wakabaki wamekaa ukingoni wanalitazama. Tukaenda wanawake kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mnataka nikamwambie huyo mwenye magari kwamba mchanga ni wa nani?" akatuuliza.

"Ni wa visima vyetu," nikasema.

"Visima sawa, ni vyenu. Mchanga je? Nani hapa aliwahi kusema ni wake? Wewe uliwahi?"

Hakuna aliyewahi. Tulipotoka pale tukamkuta yule dereva, tukamlalamikia, akacheka vizuri tu, bila dharau. "Bibi, si mvua inakuja? Wewe mwenyewe umeuona ukirudi tangu usichana wako."

Mvua ilikuja. Ilipita juu ya udongo mtupu kwa kasi kama mtu anayekimbizwa, haikuacha kitu. Kiangazi kilichofuata nilichimba pale pangu nikakuta udongo wa mfinyanzi, mkavu. Nikachimba kando yake. Mfinyanzi. Tukaanza kununua maji ya madumu yanayoletwa kwa pikipiki, maji yenye chumvi mpaka chai inakataa.

Ndipo binti yangu wa mwisho alipokuja kunichukua. Ana kazi ya ofisini huko Mtumba, na alikuwa amehamia nyumba yake mpya kwenye viwanja vya upande wa Ihumwa. "Mama, chumba chako kipo tayari," akasema. "Bomba liko ndani. Unafungua tu."

Nilikwenda. Sikwenda kwa furaha, nilikwenda kwa kiu.

Nitasema nilichokiona huko, atakayechukia achukie. Kila nyumba ina ukuta, na juu ya ukuta kuna vioo vilivyovunjwa, na kwenye geti kuna mbwa. Ukitaka kumsalimu jirani unaongea na mbwa kwanza. Zipo nyumba kubwa zenye vyumba vingi na haishi mtu, anakaa mlinzi peke yake kibandani nje. Nilimwuliza mlinzi mmoja, mwenye nyumba yuko wapi? Akasema yuko Dar, anangoja bei ipande. Nyumba inangoja bei! Kwetu nyumba inangoja mtu. Na pale palipojengwa palikuwa mashamba ya uwele, nayajua, nimewahi kwenda kusaidia kuvuna huko. Leo ukisema shamba wanakucheka, ni kiwanja. Waliouza wamehamia mbali zaidi, na huko nako wameshaanza kutembelewa na madalali. Watu wanaita hayo maendeleo. Sawa. Lakini nimekaa pale wiki kadhaa, na aliyenipigia hodi ni muuza mboga tu.

Siku moja jirani wa mbele aliletewa mchanga. Nilikuwa nimesimama getini. Dereva akanitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo bibi! Si wewe wa kule korongoni, uliyetupa maji?"

"Marahaba. Ni mimi. Umefuata nini huku?"

"Huu mchanga wenu huu! Mafundi wanaugombania, hauna chumvi. Kumbe wewe ndiye mama yake dada wa nyumba hii? Tungejuaje kule bila yeye? Ndiye aliyetupeleka, akatuonyesha mpaka pa kushukia."

Akamwaga mchanga, akaondoka, na vumbi lake.

Jioni mwanangu aliporudi nilimwacha avue viatu. Kisha nikamwuliza.

"Ni wewe uliyeleta lile tipa la kwanza?"

"Nilihitaji mchanga wa plasta, Mama. Safari mbili tu. Hao wengine sikuwaita mimi."

"Ukawaonyesha pa kushukia."

"Mchanga hauna mwenyewe. Si ninyi mlionilea na maneno hayo?"

"Tulikulea na maji ya pale pia."

Akaweka mkoba chini kwa nguvu. "Na hiki chumba nilimjengea nani? Nilitaka mama yangu apumzike kubeba ndoo. Nikukalishe kule na mimi nina bomba, watu watanisema."

"Watu gani watakusema? Hapa kuna anayekujua?"

Alilia, na mimi sikumbembeleza. Asubuhi nikamwambia anirudishe kwangu.

Njia nzima niliwaza jambo moja. Wenzangu walikuwa wananunua maji kwa sababu ya mtoto wangu, na hawakujua. Nikinyamaza, nitakaa nao vipi? Nikifungua mdomo, mwanangu atarudi vipi nyumbani? Hata kwenye msiba wangu atakuja kama mgeni.

Nilisema. Tulikuwa kwa wifi yangu, wanawake wote wenye visima, tunachambua mlenda, nikasema yote. Mikono ikasimama.

"Tulijua ni mtu wa hapa," wifi akasema mwishowe. "Ile kona mgeni haioni."

Kwetu ng'ombe wako akikanyaga kisima cha mtu, hutozwi kitu. Unakuja na jembe unamchimbia kingine, kwa mkono wako, mwenye kisima amekaa anakutazama. Maji yakishatoka, jambo limekwisha, hakuna wa kukukumbusha tena. Mmoja wao, mama mwenye wajukuu kama mimi, akasema, "Aje achimbe." Wengine wakaitikia. Nilimpigia simu mwanangu palepale, wote wanasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Jumamosi."

Alikuja amefunga khanga juu ya suruali, na mabuti ya mpira. Akatusalimu mmoja mmoja, akachukua jembe langu, akashuka korongoni. Sisi tukakaa ukingoni.

"Mheshimiwa," wifi akamwambia, "hilo halina kitufe, linainuliwa."

"Nalijua, shangazi."

"Unalijua la picha!"

Tukacheka, na yeye akacheka. Akachimba pangu. Tulipoona kina kimefika kiunoni na udongo bado mkavu, akapanda, akaenda kuchimba pa wifi. Kisha pa yule aliyesema aje. Jua likawa kali, viganja vikachubuka, akavifunga kwa kipande cha khanga. Sasa hakuna aliyecheka. Wifi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie aache, tumeshaona." Mimi nikasema hapana. Desturi inasema mpaka maji.

Alichimba visima vyote tulivyomwonyesha. Mwisho akasimama katikati ya korongo, matope hamna hata kwenye buti, akaninyanyulia uso.

"Mama, nichimbe wapi tena?"

Nikatazama kuelekea juu, nikatazama kuelekea chini. Korongo lilikuwa limekwanguliwa mchanga wote mpaka udongo mwekundu, mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na mahali pa kumwonyesha.